Kumtafuta Babu Aliyekwenda Vitani



Katika Barabara ya Kenyatta wamesimama wanaume watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Sanamu hiyo ya mwaka wa 1928 inawakumbuka Waafrika na Waarabu wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini haina jina la hata mmoja wao. Mtaa wa Kariokor nao umebeba jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps.

Familia inayomtafuta babu ianze nyumbani: barua, kipande, cheti cha kuachishwa jeshi. Medali ya vita hivyo isisuguliwe. Mara nyingi namba, jina na kikosi huwa vimechongwa ukingoni. Wazee waulizwe mapema, na maneno yao yaandikwe pamoja na tarehe.

Hatua ya pili ni jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, kwenye ripoti za mwaka za wilaya. Ulizieni wilaya kwa jina la zamani: Murang'a iliitwa Fort Hall. Maktaba ya McMillan, Banda Street, ina magazeti ya zamani. Upande wa magharibi, makaburi ya vita ya Ngong Road yana majina, hasa ya Vita vya Pili.

Kumbukeni kwamba ripoti iliandikwa na mkoloni aliyewachukua wapagazi, wala si wao. Isomwe pamoja na masimulizi ya nyumbani.