Sukari Inaposhuka kwa Mtu Asiye na Kisukari

Mazungumzo na wahudumu wa afya ya jamii, Wilaya ya Chamwino, Dodoma



Tukisikia mtu amezimia kwa ajili ya sukari, wengi wetu hufikiria kisukari. Leo napenda tumzungumzie mgonjwa mwingine, ambaye sukari yake hushuka kwa sababu mwili wake umekosa homoni. Ugonjwa wake unaitwa Addison. Hauonekani mara kwa mara, lakini usipotambuliwa unaua. Ukitambuliwa na kutibiwa, mgonjwa hulima na kulea watoto wake kama wengine.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizi hutengeneza homoni iitwayo kotisoli, ambayo pamoja na kazi nyingine hulisaidia ini kutoa sukari wakati tumbo ni tupu. Ndiyo maana mtu mwenye afya anaweza kulala na njaa akaamka salama. Mgonjwa wa Addison hana akiba hiyo. Aidha, mwili wake hupoteza chumvi, na presha yake hushuka.

Daktari Thomas Addison wa Hospitali ya Guy's, London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1855. Wengi wa wagonjwa wake tezi zao ziliharibiwa na kifua kikuu. Siku hizi huko Ulaya sababu kubwa ni kinga ya mwili kuzishambulia tezi zenyewe. Kwetu sisi hatuna budi kukumbuka kifua kikuu na VVU. Tangu mwaka 1977 taifa letu lina mpango wa kudhibiti kifua kikuu, na ninyi mnawajua wagonjwa walio kwenye dozi. Dozi huua vijidudu, lakini tezi iliyokwisha kuharibika mara nyingi hairudi hali yake. Tena dawa ya rifampisini huifanya kotisoli iishe haraka mwilini. Kwa hiyo mgonjwa anayezidi kulegea na kutapika baada ya kuanza dozi apelekwe kwa daktari mapema, asiambiwe tu avumilie.

Dalili ni zipi? Uchovu usiokwisha, kukonda, kichefuchefu, kizunguzungu anaposimama, na hamu kubwa ya chumvi. Ngozi huwa nyeusi zaidi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, tazameni ufizi, mistari ya viganja, vifundo vya vidole na makovu. Baadhi ya ndugu husema amerogwa, na miezi hupotea.

Sasa nije kwenye sukari. Mwezi wa pili na wa tatu, uwele bado uko shambani na ghala limepungua. Mtu hulala na chakula kidogo, huamka alfajiri na kwenda kulima bila kula. Kwa mgonjwa wa Addison hiyo ni hatari. Akitetemeka, akitoka jasho jembamba au akianza kuongea ovyo, na kipimo kikasoma chini ya 4, apewe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye maji, kama anaweza kumeza. Baada ya dakika 15 apimwe tena, kisha ale uji au ugali. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali.

Lakini shikeni neno hili: sukari humwamsha, ila haimtibu. Kama kilichopungua ni dawa, atazimia tena. Kwa hiyo, kila mgonjwa mfundisheni yafuatayo.

Kwanza, dawa ya kila siku, iwe haidrokotisoni au prednisoloni, haiachwi hata siku moja. Dozi ya kwanza humezwa mara anapoamka. Aende kuchukua nyingine kabla hazijaisha, hasa wakati wa mvua ambapo makorongo hujaa na njia kufungwa.

Pili, akipata homa, kwa mfano ya malaria, mwili huhitaji dawa zaidi. Kwa kawaida dozi huongezwa mara mbili kwa siku za homa, kama daktari alivyomwelekeza. Malaria nayo hushusha sukari, kwa hiyo apimwe yote mawili. Akitapika dawa, asingoje kesho: anahitaji sindano ya haidrokotisoni, kwa mtu mzima miligramu 100, pamoja na dripu ya maji ya chumvi na sukari.

Tatu, ale mara kwa mara, na ale kidogo kabla ya kulala. Uji wa uwele wenye karanga unafaa. Asinywe soda kutwa nzima akidhani anajikinga, kwa maana dawa hizi zikizidi huweza kupandisha sukari.

Nne, mwenye kisukari anayechoma insulini, akiona sukari inashuka mara kwa mara kwa dozi ileile, amweleze daktari. Mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Tano, awe na karatasi mfukoni inayosema: "Nina ugonjwa wa Addison. Nikizimia au nikitapika, nahitaji sindano ya haidrokotisoni."

Kwenu viongozi wa dini, nina ombi. Mgonjwa huyu asifunge kabla ya kuongea na daktari wake. Dini zetu zinampa mgonjwa ruhusa. Aisikie kutoka kinywani mwenu, ili asijione mkosefu wa imani.

Mwisho, ugonjwa huu si aibu. Mwezi Julai 1963 Mwalimu Nyerere alikutana na Rais John F. Kennedy huko Washington. Kennedy alikuwa ameambiwa tangu mwaka 1947 kuwa ana Addison, naye aliificha habari hiyo kwa wananchi wake. Aliweza kuongoza taifa kwa sababu dawa haikumkosa. Mkulima wetu wa Chamwino naye anahitaji dawa hiyo, na jirani anayejua la kufanya asubuhi anapokutwa hajaamka.