Duka la Kikundi na Daftari la Mkopo

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kakuma)

 

Mmetuomba tuzungumze juu ya kufungua duka dogo la chakula, ambalo wateja wake wengi ni familia zinazopokea msaada. Swali lenu la kwanza lilikuwa mtaji. Lakini maduka tuliyoyaona yakifungwa hayakukosa mtaji wa kuanzia. Yaliuawa na mkopo.

Tukumbuke kwanza vile pesa hizi zilivyokuja. Zamani msaada wa hapa ulikuwa nafaka na mafuta, na foleni ndefu. Mwaka 2015 shirika la WFP likaanzisha Bamba Chakula, na sehemu ya mgao ikawa inaingia kwa simu. Pesa hizo hazikutolewa taslimu. Zilinunua chakula tu, tena kwa mwenye duka aliyetia sahihi mkataba. Walichaguliwa wakimbizi na wenyeji pia, kwa hivyo wengine wenu mnaijua habari hii kutushinda. Kalobeyei ilipofunguliwa mwaka 2016 msaada mwingi wa chakula ulipita njia hiyo, na baadaye familia nyingi za huko zikapewa pesa za kawaida kwa kadi ya benki.

Sasa angalieni. Pesa huingia siku moja, lakini watu hula kila siku. Anayejaza pengo hilo ni mwenye duka.

Kikundi kimoja tulichokuwa tukikitembelea kilianza na shilingi 30,000. Sisi wenyewe ndio tuliowaambia, kopesheni, hawa ni majirani. Wakakopesha familia 20, kila moja vitu vya 1,500. Pigeni hesabu: 30,000. Duka lote limeshatoka mlangoni! Kisha malipo yakachelewa. Rafu zikabaki tupu, na muuzaji wa jumla kule Kitale hakutaka kusikia maneno, alitaka pesa. Basi wale akina mama, kwa hofu, wakaanza kushika kadi na laini za simu za wateja pamoja na namba za siri. Ati mpaka walipe.

Jambo hili si la kikundi kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofanya kazi Kalobeyei walikuta familia nyingi zimezama katika deni la dukani, na wenye maduka wakishikilia kadi kama dhamana. Mkishika kadi ya mama, hawezi kwenda duka jingine hata kama unga wa huko ni wa bei nafuu. Siku ya malipo mnajitolea wenyewe, naye hajui mmetoa ngapi. Huo si mkopo tena. Tunawaambia wazi: kadi na laini ya mtu isilale dukani hata usiku mmoja, hata akiileta mwenyewe kwa hiari yake.

Badala yake wekeni mpaka. Kama mtaji ni 30,000, mkopo wote usipite 10,000. Familia 20, basi kila moja mwisho ni 500. Ni kidogo, ndiyo, na watanung'unika. Deni liandikwe mahali pawili, daftari la duka na kijitabu cha mteja, naye atie sahihi au kidole gumba. Asiyemaliza la kwanza haongezewi. Na wanachama wa kikundi wafuate sheria hiyo hiyo, maana tumeona mwenyekiti akibeba sukari bila kuandika.

Faida yenyewe ni nyembamba. Tuseme gunia la mahindi la kilo 90 limewagharimu 4,500, na gari 300. Hiyo ni 4,800. Kwa gorogoro ya kilo mbili mtapata 45 kwa karatasi, lakini hesabuni 44, kuna kumwagika na kuna panya. Mkiuza 125, mnapata 5,500. Faida ni 700 kwa gunia zima. Familia mbili tu zikikosa kulipa zile 500, faida ya gunia imekwisha na mmeingia ndani ya mtaji. Gorogoro isibonyezwe chini, watu wanajua. Mizani ipigwe muhuri na watu wa vipimo, na kibali cha biashara mchukue kwa kaunti kabla hamjafungua.

Tena msitegemee wateja wa msaada peke yao. Mwaka 2025 mgao ulikatwa sana wafadhili walipopunguza fedha, na pigo hilo lilifika mpaka kwa wenye maduka. Tafuteni walimu, watu wa bodaboda, na mama wa hoteli anayelipa papo hapo.

Mama mmoja alituuliza swali gumu: mtoto akitumwa na kikombe, na mpaka wa mkopo umefika, tumrudishe bure? Tulinyamaza kidogo. Tukasema asirudishwe, lakini unga huo usitoke kwa mtaji. Kila mwanachama aweke shilingi 20 kwa wiki katika kopo tofauti. Mtoto akipewa unga, kopo lilipe duka siku hiyo hiyo, na daftarini iandikwe "kopo". Siku kopo likiwa tupu, wanachama waliopo watachanga hapo hapo. Yule mama ndiye aliyeombwa kulitunza, na akakubali, ila alitaka liwe na kufuli na funguo mbili.