Kijana na Kitabu cha Maelekezo

Leo siasa tuipumzishe. Nataka kuzungumza nanyi juu ya katuni, na naomba msicheke, maana mimi mwenyewe nilicheka Jumapili iliyopita mjukuu wangu aliponivuta mkono na kusema, "Babu, njoo uone roboti." Ana miaka 12. Nilikaa naye kumridhisha tu, gazeti mkononi. Baada ya dakika tano gazeti lilikuwa sakafuni.

Katuni yenyewe ni ya Kijapani, inaitwa Mobile Suit Gundam. Tuliyoiona ni sehemu ya kwanza kabisa, iliyoonyeshwa kwenye televisheni huko Japani Jumamosi, tarehe 7 Aprili 1979. Kwa hiyo si kitu kipya, na nisiseme uongo, picha zake zimezeeka.

Nilitarajia ile hadithi tuliyoizoea: jitu la chuma linatoka, zimwi linatoka, wanapigana, zimwi linalipuka, na wiki ijayo linakuja zimwi jingine. Wajapani walikuwa nazo tele za namna hiyo katika miaka ya 1970, Mazinger Z ya 1972 ikiwa miongoni mwa zilizovuma sana. Hii inaanza vingine. Msimulizi anatueleza kwamba watu wamehamia angani, wanaishi ndani ya miji iliyo kama mitungi mikubwa inayozunguka. Kwamba kundi moja limejitangazia uhuru. Na kwamba katika mwezi mmoja tu wa vita nusu ya binadamu wote wamekufa. Nusu! Naye anayasema hayo kwa utulivu kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Kisha wanaingia maadui, ndani ya mitambo yenye jicho moja. Wametumwa kupeleleza tu. Mmoja wao, kijana, anataka sifa; anavunja amri ya mkubwa wake na kuanza kupiga. Balaa lote linaanzia hapo. Zimwi sikuliona. Nilimwona askari mwenye haraka ya kupanda cheo, na mkubwa wake akimkataza bila kusikilizwa. Watu wa aina hiyo nimewaona maishani, tena bila roboti.

Mhusika mkuu, Amuro Ray, ana miaka 15. Tunamkuta nyumbani amevaa nguo za ndani, anachokonoa mitambo yake, hata amri ya watu kukimbilia handakini hajaisikia mpaka binti wa jirani, Fraw Bow, aje kumgombeza. Mjukuu wangu alicheka sana hapo. Mimi nilimtazama yeye na simu yake, nikanyamaza.

Lakini aliyenikaa moyoni ni baba yake Amuro. Tem Ray ni mhandisi, na ile roboti nyeupe, Gundam, ni mradi wake. Mji unapigwa, raia wanakimbilia meli, naye anaamuru mitambo ipakiwe kwanza. Mwanawe anamuuliza kama mitambo ina thamani kuliko watu. Jibu hapati, anaambiwa akimbilie melini. Muda si muda mlipuko unamwacha Fraw Bow bila mama na bila babu, maiti zao zikiwa mbele yake. Amuro anamhimiza binti akimbie, kisha yeye mwenyewe anapanda ndani ya roboti ile yenye urefu wa mita 18, mkononi ana kitabu cha maelekezo alichokiokota njiani. Anaiwasha huku anasoma! Hapo nilipinga. Mjukuu akanijibu, "Mbona mimi simu nilijifunza bila kitabu?"

Adui wa kwanza anapasuliwa kwa upanga wa mwanga. Mtambo wake unalipuka, ukuta wa mji unatoboka, na hewa inafyonza vitu kwenda nje angani. Miongoni mwa wanaofyonzwa ni baba yake Amuro. Mtoto hajui. Anachojua ni kwamba mlipuko wa pili utaubomoa mji zaidi, kwa hiyo adui wa pili anamchoma penye chumba cha rubani peke yake, ili mtu afe na injini isilipuke. Nyumbani kwetu hakuna aliyepiga makofi. Mtoto wa miaka 15 alikuwa amepiga hesabu ya kuua.

Mwongozaji wake ni Yoshiyuki Tomino, aliyezaliwa mwaka 1941, mwaka ambao nchi yake iliingia vitani na Marekani. Mfululizo ulipangiwa sehemu 52, ukakatwa ukaishia ya 43 mwezi Januari 1980, kwa kuwa watazamaji walikuwa wachache na vinyago vya mdhamini havikuuzika vizuri. Muuza vinyago simlaumu. Baada ya sehemu kama hii, mtoto gani atakimbilia dukani? Ajabu ni kwamba baadaye walikimbia kweli, tena kwa mamilioni, kununua roboti hiyohiyo ya plastiki ya kuunganisha kwa mkono. Mwaka 2009 ikasimamishwa Tokyo kwa ukubwa wake kamili.

Binti yangu, mama yake mtoto, amenilalamikia kwamba nimemwonyesha mwanawe maiti. Nimemjibu kwamba taarifa ya habari ya saa mbili humwonyesha nyingi zaidi, wala hakuna anayemweleza zilikuwa za mama wa nani. Hakuridhika.

Mtoto naye usiku ule alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni. "Babu, yule baba atarudi?" Tumepanga kuitazama sehemu ya pili Jumapili, baada ya chai.