Mizani Ndogo, Haki Kubwa
(Hotuba kwa wenye biashara ndogo, kambi ya Dzaleka, Malawi)



Tangu kambi yetu ilipofunguliwa mwaka 1994 tumepimiana maharagwe na usipa kwa vikombe na makopo, na kopo lililobonyea limevunja ujirani mara nyingi. Sasa tunaotaka kununua mizani tukumbuke haya.

Kwanza, tujue tunauza nini. Mizani ya kilo 5 yatosha kwa usipa, lakini gunia haiwezi.

Pili, mizani ya springi haihitaji betri. Ya elektroniki huonyesha hata gramu chache, ila betri zikiisha kazi inasimama.

Tatu, tuijaribu kabla ya kulipa. Tupime chupa tupu, kisha tutie maji lita 1: uzito uongezeke kilo 1. Tukiiondoa chupa, mshale urudi kwenye sifuri.

Nne, Shirika la Viwango la Malawi hukagua mizani ya biashara. Tuulizie alama yake.

Zikipungua gramu 50 katika kila kilo, mama aliyenunua kilo 20 amepoteza kilo nzima, chakula cha watoto wake. Sisi tuliokimbia dhuluma, tusidhulumiane.