Maji Mwilini Ni Akiba: Tusiiache Imwagike

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi wa Manzese, Dar es Salaam)



Leo hatukuja kuzungumza habari za kadi wala michango. Tumekuja kuzungumza habari za maji. Wala si maji ya bomba na kisima tu, bali maji yaliyomo ndani ya mwili wa kila mmoja aliyeketi hapa.

Wengi wetu twadhani kazi ya maji ni kukata kiu, basi. Sivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Mwanamume wa kilo 70 hubeba mwilini kiasi cha lita 42, yaani madumu mawili ya lita 20 na ziada. Mtoto mchanga yeye karibu robo tatu ya mwili wake ni maji, lakini mwili wenyewe ni mdogo. Mwenye madumu mawili akimwagikiwa kikombe hashtuki. Mwenye kopo moja akimwagikiwa kikombe hicho hicho amefilisika. Hesabu hii tuikumbuke, maana tutairudia.

Maji hayo yanafanya kazi gani? Kwanza, damu haitembei bila maji, nayo damu ndiyo ichukuayo chakula na hewa safi kwenda kila kiungo. Pili, figo zetu huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, yaani madumu 9! Maji ni yale yale yanayozunguka tena na tena. Figo huyarudisha karibu yote katika damu, na lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, zikichukua uchafu wa mwili. Tatu, jasho linapokauka juu ya ngozi huupoza mwili usiungue kwa joto lake wenyewe.

Basi mtazameni msukuma mkokoteni katika Barabara ya Morogoro saa saba mchana, na mama ntilie aliyeinama juu ya moto tangu alfajiri. Hao wanamwaga maji kila dakika. Wasipoyarudisha, kichwa huuma, mikono hulegea, na akili huchoka. Watu husema mtu huyo ni mvivu, kumbe amekauka. Dalili ni nyepesi: mkojo ukiwa haba na wa rangi iliyokoza, kunywa. Chai, uji na madafu pia ni maji. Ila mgonjwa wa moyo au wa figo afuate kipimo cha daktari wake.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta. Mnakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka hapa Dar es Salaam. Wilaya ya Kinondoni ndiyo iliyoanza kupigwa, na siku hizo Manzese yetu, ambayo sasa imo Ubungo, ilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Kipindupindu kikali chaweza kumtoa mtu mzima lita moja ya maji kwa saa moja. Rudieni hesabu ya madumu mawili, mtaona kwa nini mtu aliyeamka mzima aweza kufa kabla ya jua kutua. Kinachomwua ni kukauka.

Na hapa twasema bila kuficha: lipo kosa linalofanyika majumbani mwetu. Mtoto akiharisha, wengine humnyima maji wakisema yatamzidishia. Huko ni kumziba mdomo mwenye kopo moja huku kopo lavuja. Macho yakiingia ndani, utosi ukibonyea na machozi yakikosekana, hatari imekwisha ingia.

Dawa yake ni nyepesi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi waliokimbilia India walishikwa na kipindupindu. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani, akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari. Walionywesha ni jamaa zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Siri yake ni kwamba sukari huifungulia chumvi mlango katika utumbo, na maji huifuata chumvi.

Pakiti ya dawa hiyo ikiwapo, itumieni. Ikikosekana, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyofurika, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mpeni kidogo kidogo. Mtoto anyonyeshwe, na safari ya hospitali isicheleweshwe.

Ndugu zetu, nchi hii iliwahi kujifunza kwa pamoja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Lakini lipo na deni. Mwaka 1971 Serikali iliweka shabaha ya kuwafikishia wananchi wa vijijini maji safi karibu na makazi yao kwa miaka 20. Mwaka 1991 ukafika, shabaha haikutimia. Na mjini, anayenunua kwa dumu hulipa kwa kila lita zaidi ya mwenye bomba nyumbani. Maskini kulipa zaidi ya tajiri kwa kitu ambacho ni nusu ya mwili wake si haki, nasi hatutachoka kulisema.

Lakini tusingoje bomba ndipo tuokoe watoto. Kila balozi wa nyumba kumi na awafundishe watu wake kipimo hiki kabla ya masika. Kila nyumba ichemshe maji ya kunywa na kufunika chombo. Mtakapotoka hapa, kila mmoja amfundishe jirani mmoja ambaye hakuja.