Bunduki ya Kulinda Shamba: Ipi Tununue?

Leo sisemi habari ya mbolea wala palizi. Nimepata barua kutoka kwa mkulima mmoja wa kusini. Anasema kijiji chao kimechanga fedha ili kinunue bunduki ya kufukuzia nguruwe pori, maana mwaka jana walivuna mabua. Kuna mzee anauza bunduki kuukuu kwa bei nafuu, na kuna kijana anayewaambia wanunue bunduki ya risasi, ile ya masafa marefu. Wanauliza: tuchukue ipi?

Kwanza tumwangalie adui mwenyewe. Nguruwe pori huja usiku, huja kwa kundi, na dume lililonona laweza kupita kilo 80. Ngozi yake ni nene na mwili wake ni mgumu. Ukimpiga vibaya haanguki, anakimbilia kichakani, na kesho asubuhi anayemfuata ndiye anayepata taabu. Kwa hiyo haifai bunduki ndogo ya .22. Hiyo ni ya ndege na wanyama wadogo. Kwa nguruwe ni kumjeruhi tu.

Sasa hiyo bunduki kubwa ya risasi anayoitaka kijana, mathalani .303, .308 au .30-06. Kuua inaua, hilo sibishi. Shida yake ni hii: risasi yake ikimkosa nguruwe haisimami hapo. Inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Na sisi mashamba yetu yamepakana, kila dungu lina mtu, wengine wamelala humo na watoto. Usiku unaona macho yanang'aa, hujui nyuma ya mahindi kuna nani. Mimi kwa shamba la kijijini siipendelei.

Naona inayofaa ni bunduki ya marisau, namba 12. Wengi huniuliza hiyo 12 ni nini. Ni hesabu ya zamani: ukisubu gololi za risasi zinazotosha tundu la mtutu, 12 zitakuwa na uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Tundu lake ni kama milimita 18 na nusu. Namba 20 tundu lake ni dogo zaidi. Uzuri wa marisau ni kwamba hayaendi mbali kama risasi. Lakini chagua ganda linalofaa. Marisau madogo ya namba 5 ni ya kanga na njiwa. Kwa nguruwe yanamwasha tu. Tumia yale makubwa, SG, ambayo kila chembe ina unene wa milimita 8 hivi na ganda moja la kawaida hubeba chembe 9. Piga akiwa karibu, hatua 30 au pungufu. Na piga ukiwa juu ya dungu, mtutu ukitazama chini, ili kinachokosa kiingie udongoni.

Nimetaja namba 20 kwa sababu maalum. Usichanganye maganda ya 12 na ya 20 katika mfuko mmoja. Ganda la 20 ukilitia katika bunduki ya 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu, huku wewe ukitazama chemba unaiona tupu. Ukitia la 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mbele ya mkono wako. Ndiyo maana viwanda hutengeneza maganda ya 20 kwa rangi ya njano.

Tuje kwa bunduki ya yule mzee. Kuukuu si lazima iwe mbovu. Hakikisha haina kitu ndani, ivunje, tazama ndani ya mtutu kuelekea mwanga: kutu iliyokula, au mbonyeo, iache. Ifunge, uitikise, ikicheza kwenye bawaba, iache vile vile. Ondoa mtutu, uuning'inize, uugonge kwa kucha: mzima unalia kama kengele, wenye kasoro unatoa sauti ya debe. Kisha soma maandishi ya mtutuni. Bunduki nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65. Ganda la milimita 70 litaingia bila tabu, lakini likifyatuliwa halina nafasi ya kufunguka, na nguvu inazidi kipimo. Linganisha maandishi hayo na yale ya kwenye boksi la maganda kabla ya kulipa hata senti.

Ukishainunua, marekebisho ya nyumbani ni machache. Kitako kikipasuka, fundi seremala atachonga kingine cha mninga. Kipande cha mpira wa tairi nyuma ya kitako kinapunguza kishindo begani. Rangi nyeupe kidogo kwenye shabaha ya mbele husaidia usiku. Basi. Mtutu usikatwe kwa msumeno.

Na kujaza maganda wenyewe? Hapa nasema kwa uchungu. Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mkulima mwenye gobore aliishiwa baruti. Nilimkuta barazani akipasua maganda ya bunduki ya kisasa, anakinga unga wake kwenye kikombe. Nilidhani anabana matumizi, nikamsalimu nikapita. Gobore limetengenezwa kwa baruti nyeusi. Ule unga wa kisasa usio na moshi, kipimo kile kile, una nguvu mara nyingi zaidi. Usiku ule gobore lilipasuka. Alipoteza kidole gumba na viwili vingine vya mkono wa kushoto, na msimu ule hakushika jembe. Mimi ndiye niliyepita barazani pale.

Tena ni kosa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa silaha na kwa risasi. Anzieni serikali ya kijiji, kisha polisi wilayani, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Na Bwana Nyama, kama wazee wanavyomwita afisa wanyamapori, mwonaneni naye mapema.

Neno moja kwa wafuga nguruwe: nyama ya nguruwe pori msiilete karibu na banda. Yeye hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, wa kwenu watakufa wote.

Wiki ijayo, ndugu wakulima, tutakuwa ghalani na dumuzi. Kwaherini.