Kwenda Tanga na Kurudi

Mpaka wa Somalia ndio ulio karibu nasi, lakini tangu ufungwe 2011 si wa matembezi. Basi mwasema Tanga. Vizuri, ila kutoka Matondoni si safari ya siku moja, tusidanganyane. Ni mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, mlale. Alfajiri muende Lunga Lunga, mvuke Horohoro.

Kitambulisho pekee hakitoshi: mtu awe na pasi au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Safari moja sikukagua karatasi mapema. Mama mmoja akabaki mpakani kwenye benchi kutwa, na nauli yake ilitoka sanduku la kikundi. Kosa langu. Leo, kabla hatujachanga hata shilingi, kila mtu anionyeshe karatasi zake.